Maelezo ya Feza

Matangazo ya ajira za polisi yakitoka, vijana wa hapa Rungwe Mpya mnanifuata mpaka shambani. Mmoja anauliza urefu unaotakiwa. Mwingine anakunja suruali nimwangalie kovu la mguuni, eti litamwondoa? Wa tatu anasubiri wenzake waondoke, ndipo aniulize kwa sauti ya chini kama kuna mtu naweza kumpigia simu. Hakuna. Nilistaafu na V tatu begani, sajenti tu, na wale niliokuwa nawajua wengi wao sasa wanapalilia maharage kama mimi. Urefu mtapimwa hukohuko, kovu daktari atalitazama, na cheti cha kidato cha nne ama unacho ama huna.

Kitu ambacho hamniulizi ni kazi yenyewe ikoje. Sishangai, hata mimi sikuuliza. Nilitoka Sumbawanga nikidhani polisi ni kukimbia. Chuoni tulikimbia kweli, tukapiga kwata mpaka soli zikaisha, tukafundishwa na sheria darasani, nami nilisinzia kidogo kwenye sheria kama wengine. Halafu nikapangiwa vituo, na katika miaka yangu yote nadhani nimekimbia nyuma ya mhalifu mara chache sana, tena mara moja alikuwa mbuzi. Muda uliobaki nilikuwa nimekaa kwenye kiti, namsikiliza mtu.

Kwa hiyo nitawaeleza habari ya kusikiliza, na nitawaeleza kwa mambo yaliyompata mama mmoja Mkongo anaitwa Feza. Lakini kwanza nimtaje aliyenifundisha kukaa kwenye hicho kiti.

Mwaka 2012 nilihamishiwa Kibondo, nikiwa koplo. Aliyekuwa mkubwa wangu pale kaunta ni sajenti mmoja anaitwa Kagoma, Mha, mtu mfupi, mpole, mwenye tabia ya kuvua kofia kila anapotaka kuandika maelezo ya mtu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ukiwa na kofia anaongea na kofia." Alikuwa pia hagongigongi kalamu mezani, na hakumkatiza mtu. Mtu akinyamaza, yeye alisema neno moja tu, "Halafu?" Kisha anasubiri. Nimeona watu wakieleza mambo ambayo walikuwa wameapa kutoyaeleza, kwa sababu tu ya ile "halafu" ya Kagoma na ule ukimya uliofuata.

Siku moja alikuja mwanamume kulalamika kwamba shemeji yake amemtukana mbele ya wakwe. Kagoma akamuuliza, "Alisema neno gani hasa?" Yule bwana akanitazama mimi, akasema hawezi kulitamka mbele ya mwanamke. Nikatoka nje. Niliporudi nikakuta neno limeandikwa kwenye karatasi, kwa Kiha, herufi kubwakubwa.

"Sajenti, mbona hukulitafsiri?" nikamuuliza.

"Mahakamani kuna mkalimani. Mimi kazi yangu ni kulifikisha neno likiwa zima."

Nikamwomba basi aniambie maana yake. Akakataa. Mimi na ubishi wangu nikalikariri, nikaenda sokoni kumuuliza mama mmoja aliyekuwa akiniuzia maparachichi. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akafunika maparachichi yake kwa kanga, akageukia upande wa pili. Mpaka nahama Kibondo hakuniuzia tena, na maana ya lile neno nimekuja kuijua nikiwa na wajukuu.

Nilihamia Kasulu. Pale niliwekwa dawati la jinsia na watoto, chumba kidogo nyuma ya kituo, chenye benchi moja na mdoli asiye na mkono. Mpelelezi niliyefanya naye kazi zaidi alikuwa Sajenti Shomari, mtu wa Pangani. Ninyi mnaouliza kama kusoma kunasaidia, huyu ndiye mfano wangu. Alikuwa amejiendeleza kwa likizo zake mwenyewe mpaka akapata stashahada ya sheria. Majalada yake hayakurudishwa na mwanasheria wa serikali hata mara moja kwa kukosa kitu. Mwandiko wake ulikuwa safi, na Kiswahili chake, jamani, ulikuwa ukimsikiliza unasahau ulichojia. Alikuwa hachukui kitu cha mtu. Hata soda ya mlalamikaji hanywi.

Sasa mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, hali ilivyokuwa mwaka 2015. Warundi walianza kuingia kwa maelfu, wengine wakiwa na godoro kichwani, wengine wakiwa hawana hata viatu. Waliletwa kambi ya Nyarugusu kwa mabasi, na Nyarugusu ilikuwa tayari imejaa Wakongo wa miaka mingi. Watu walilala makanisani na madarasani. Kukawa na magonjwa ya tumbo. Baadaye mwaka ule ule kambi ya Nduta, kule Kibondo, ikafunguliwa upya, wakaanza kuhamishiwa huko.

Siku Feza alipochukuliwa, miezi kadhaa baada ya mabasi kuanza kufika, mimi sikuwepo. Nasimulia nilivyoelezwa na Shomari mwenyewe. Alikuwa ndani ya kambi kwa shauri jingine, asubuhi ya siku ya soko. Akasikia kelele upande wa wauza mboga. Alipofika akakuta mwanamke wa makamo amezungukwa na watu, ana mtoto wa kike mgongoni, mdogo, labda wa miaka miwili na kitu. Mrundi mmoja muuza mboga ndiye aliyepiga yowe. Alikuwa amemsikia yule mtoto akilia, "Amazi! Amazi!" Kwa Kirundi ni maji. Akamwambia mwanamke, "Mama, wewe ni Mubembe wa Kongo, na mtoto anaongea Kirundi. Umemtoa wapi?" Mwanamke akasema si wake. Hakuongeza neno lililosikika, maana hapo hapo watu walishaanza kusema, mwizi wa watoto. Tayari fimbo zilikuwa zimeshikwa.

Shomari alikuwa peke yake, na bunduki hakuwa nayo. Hebu sikilizeni alichofanya, maana hiki ni kitu cha kazi. Hakupiga kelele. Alimwendea yule aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote, akatoa kalamu, akamwambia kwa upole, "Bwana, wewe unaonekana unajua mengi. Jina lako nani, nikuandike shahidi wa kwanza? Utakuja Kasulu kesho, na keshokutwa, na mahakamani." Yule mtu akakumbuka ana ugali jikoni. Akamgeukia wa pili kwa swali hilohilo. Nafasi ikapatikana, akamtoa yule mama na mtoto mpaka kwenye gari. Angechelewa kidogo tu wangekuwa na maiti.

Alimleta Kasulu. Akampa maji, akampa na muda wa kupumua, kisha akaandika maelezo yake. Hakumpiga wala kumtisha. Jina lake Feza, mkimbizi wa Nyarugusu tangu zamani, mume alifariki kwao Kongo, anaishi peke yake. Shomari aliuliza, Feza akajibu, na maelezo yalikuwa mafupi. Siku Warundi walipoteremshwa kwenye mabasi, yeye alikuwa amepeleka maji ya kunywa. Kulikuwa na mama mgonjwa, amelala chini na mtoto. Watu wa hospitali walikuja kumbeba yule mama. "Nikamkamata mtoto, nikaenda naye nyumbani kwangu."

Shomari aliuliza tena, "Mama yake alikuruhusu?"

"Hapana. Hakusema kitu."

"Alikuwa na nguvu za kukuzuia?"

"Hapana, afande. Hakukuwa na nguvu hata ya kusimama."

Maelezo yakasomwa, Feza akakubali kwamba ndivyo alivyosema, akaweka dole gumba. Kwa mpelelezi yeyote hapo kazi imekwisha. Mwanamke asiye na mtoto amemkamata mtoto wa mgonjwa asiye na nguvu za kumzuia, amekaa naye miezi. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alisoma, akasema jalada liende mahakamani mapema. Kesi ya namna hiyo mtu haendi nyumbani haraka, na ukizingatia alivyo mkimbizi, nani angemwekea dhamana?

Mtoto aliletwa dawatini kwangu. Ofisa ustawi wa jamii alikuwa njiani, na njia za kwetu mnazijua. Yule mtoto alilia kilio ambacho sijui niwaelezeje. Hakulia kwa sauti. Aliangalia mlango tu, machozi yanamtoka. Nilimpa uji, akafumba mdomo. Nikampa mdoli, akautazama pale mahali pa mkono, akaniachia.

Asubuhi iliyofuata alikuwa bado hajala kitu. Nikamwendea Shomari nikamwambia, "Sajenti, huyu mtoto ataniugulia hapa. Naomba nimpeleke kwa yule mama angalau anyweshwe uji."

"Kwa mtuhumiwa?"

"Mlango utakuwa umefungwa, mimi nitakuwepo."

Alifikiri, akakubali. Nikamchukua mtoto mpaka kwenye nondo za mahabusu ya wanawake. Alipomwona Feza alinyoosha mikono yote miwili. Feza akakaa chini upande wake, mtoto akakaa chini upande wangu, wakawa wanatazamana kupitia nondo, na uji ukanyweka wote. Nilipotaka kumwondoa, Feza akafungua kitenge kiunoni, akabaki na gauni, akakipitisha kwenye nondo.

"Kamata, afande."

Nikasimama. "Nimkamate nani?"

"Kamata iyi kitenge. Analalaka nayo."

Nikakipokea. Nikamwuliza, "Feza, kwenu ukimpa mtu kitu unamwambia kamata?"

Akaniangalia kama vile ninauliza jua linatokea wapi. "Sasa tuseme nini?"

Mnajua, Kiswahili cha kule kambini nilikuwa nakisikia kila wiki. Nilishasikia "lopitali", nilishasikia "bapolisi", "bo" kwa wao, na hata hiyo "kamata" ilishapita masikioni sokoni, mtu akipewa chenji. Lakini sikio linapitisha mambo mengi bila kuyaangalia. Pale kwenye nondo, nikiwa na kitenge mkononi, ndipo liliponikaa.

Nikamuuliza, "Huyu mtoto ulimkamata vipi?"

"Mama yake alininyooshea ye." Feza akanyoosha mikono mbele, viganja juu, kama mtu aliyebeba sinia. "Bo balikuwa banamubeba kwa ambilansi. Akanitazama. Akanyoosha mutoto, vile. Miye nikamukamata."

"Na hakusema kitu."

"Angesema nini? Ye anajua Kirundi, miye Kibembe. Tena alikuwa mugonjwa sana."

Nilimrudisha mtoto chumbani kwangu na kile kitenge, nikamwacha na mwenzangu, nikaenda kwa Shomari. Sikujua atanipokeaje. Ni mkubwa wangu, na jalada lilikuwa limeshapita kwa mkuu. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, nikamwonyesha na ile mikono.

Shomari akanyoosha mikono yake mwenyewe vilevile, akaitazama. Baadaye akasema, "Alisema nikamukamata. Mimi nikaandika nikamkamata. Nilimnyooshea Kiswahili chake, Paskalina. Na nilipomsomea alisikia neno lake."

Akainuka, akaenda kwenye nondo, akavua kofia. Nilidhani ameiga kwa Kagoma, lakini hawakuwahi kuonana. Labda ni joto. Akamwambia Feza aeleze upya kila kitu kwa namna anavyoeleza nyumbani kwake, na safari hii akaandika kila silabi, "bo" na "ye" na "ku lopitali", bila kunyoosha.

Katika kueleza upya yakatoka mengine. Feza alikuwa amempeleka mtoto kwenye hema la wanaoshughulikia watoto waliopotezana na wazazi. Wakamuuliza jina la mtoto. Akasema hajui, mtoto mwenyewe hatamki. Foleni ilikuwa ndefu, wakamwambia arudi akishalijua. Alirudi mara nyingine, jibu likawa lile lile.

"Si ungempa jina lolote waandike?" nikamuuliza.

"Hapana, afande. Jina yake iko kwa mama yake. Miye namuita Mutoto tu."

Shomari aliliandika hilo pia, na nikaona anaandika taratibu.

Tukaenda kwa mkuu wa upelelezi. Alikuwa mtu wa haki lakini mgumu, na alikuwa na mambo mengi mezani siku hiyo. Shomari alisimama wima akasema, "Afande, maelezo niliyoandika jana hayako sawa. Naomba jalada lisiende."

"Alibadilisha maneno?"

"Hapana. Ni mimi sikumwelewa."

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sajenti, hakimu atakuuliza kwa nini jana kukamata kulikuwa kukamata na leo ni kupokea. Neno moja halimtoi mtu. Kama kweli alipewa, yuko wapi aliyempa?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Yule mama Mrundi huenda alikufa. Wengi walikufa msimu ule.

Nikafanya kitu ambacho nawasihi mkifanye nanyi mkiipata kazi: nilimpigia mtu niliyewahi kufanya naye kazi. Kagoma bado alikuwa Kibondo, na nilisikia amepangwa Nduta tangu kambi ifunguliwe. Nikamweleza. Hakuniacha nimalize.

"Mama mwembamba, kichwa kimenyolewa?"

"Sijui alivyo, Sajenti. Najua alibebwa mgonjwa Nyarugusu akaacha mtoto wa kike."

"Basi yupo hapa. Anakaa getini. Kila basi likitoka Nyarugusu anasimama anaangalia wanaoshuka. Alilazwa muda mrefu, akatolewa hospitali moja kwa moja mpaka kwenye basi la kuja huku. Nimeshaipeleka habari yake ofisini kwa watu wa kambi, wakasema itashughulikiwa. Mimi nilichoweza ni kumpa kigoda akae."

Anaitwa Spesiyoza, Kagoma akasema. Mtoto anaitwa Ineza.

Mkuu wa upelelezi aliposikia hayo alikubali twende, na akakubali Feza tumchukue, ili yule mama amwone kwa macho yake. Lakini alimwambia Shomari, "Huyu bado ni mtuhumiwa. Akipotelea njiani, wewe ndiye utakayejibu." Kumweka mtuhumiwa wa wizi wa mtoto kwenye gari moja na mtoto huyo si jambo linaloandikwa katika mwongozo wowote. Shomari alisema, "Ndiyo, afande."

Barabara ya Kasulu kwenda Kibondo wakati ule ilikuwa vumbi jekundu na mawe. Mtoto alisinzia mapajani kwa Feza. Feza hakuuliza tunakwenda wapi mpaka tulipofika nusu ya njia, na alipoambiwa akasema tu, "Ako muzima?" Shomari akamjibu yu mzima. Feza akageukia dirishani. Sikuuona uso wake, na sikutaka kuuona.

Tulifika mchana. Kagoma alikuwa amesimama getini, na kando yake kwenye kigoda amekaa mwanamke. Kagoma hakuwa amemwambia neno. Shomari alikuwa amemwomba kwa simu asimwambie, na hilo nalo lishikeni: shahidi ukishamtayarisha umemharibu. Tukasimamisha gari mbali kidogo. Feza akateremka na mtoto mgongoni, na wanawake wengine kadhaa walikuwa wanapita na watoto migongoni wakati huohuo.

Spesiyoza alisimama. Nilitegemea atamkimbilia mtoto. Hakumkimbilia. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Feza, akawapita wale wengine wote, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Ni wewe."

Kwa Kirundi ni hivyo hivyo, ni wewe. Hatukuhitaji mkalimani.

Shomari alikuwa pembeni yangu. Nilimsikia akishusha pumzi.

Kisha yule mama akazunguka nyuma ya Feza, akaita jina la mtoto. Ineza alimtazama, akaficha uso kwenye mgongo wa Feza. Mama akaita tena. Mtoto akashika nguo ya Feza kwa ngumi mbili na kuanza kulia, na Spesiyoza naye akaanza kulia, na watu wakaanza kukusanyika. Kijana mmoja wa walinzi akasogea ili amtoe mtoto mgongoni amkabidhi mama yake. Shomari akamzuia kwa mkono.

"Mwache. Hatumvuti."

"Afande, si mama yake?"

"Ndiyo mama yake. Kwa hiyo haraka ya nini?"

Tukakaa. Kagoma alileta vigoda vingine, na chai na mihogo ya kuchemsha. Wale wanawake wawili walikaa magoti yakigusana, hawana lugha ya pamoja, isipokuwa Kagoma alipotafsiri, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Spesiyoza alieleza ya ile siku: alijua anakufa, akatazama wote waliokuwa karibu, akampa yule aliyekuwa na maji. Hakujua hata jina lake. Shomari aliyaandika hayo kupitia kwa Kagoma, Kirundi kikiwa Kirundi na tafsiri yake chini.

Mtoto alishuka mgongoni kwa Feza muda wake ulipofika. Alizunguka vile vigoda. Alichukua kipande cha muhogo kwa Kagoma, akakiacha. Baadaye sana, jua likiwa limeshaegemea, alichukua kingine kwenye mkono wa mama yake, akakila akiwa amesimama, akaegemea goti lake kama mtu anayeegemea mti. Spesiyoza hakuthubutu kumshika. Alikaa hivyo hivyo bila kujitikisa, na kila mtu pale akawa anazungumza kwa sauti ya chini.

Ilibidi tuondoke. Feza aliinuka mtoto akiwa ameshughulika na vigoda, akaingia kwenye gari bila kuaga. Hiyo ilikuwa akili yake mwenyewe, hakuna aliyemwambia.

Mkuu alisoma maelezo mapya, akaandika jalada lifungwe. Feza akarudishiwa vitu vyake pale kaunta. Akasimama na kifurushi mkononi, akauliza, "Sasa miye nirudi namna gani?" Hakuwa na maana ya usafiri. Kule kambini kila mtu alishajua ni mwizi wa watoto. Walimwona akichukuliwa.

Kituo kingine wangemwambia hilo halituhusu, kesi imefungwa. Na kwa sheria halituhusu. Shomari alimwambia asubiri siku ya soko. Siku hiyo tukaenda naye, Shomari akiwa amevaa sare kamili iliyopigwa pasi. Alitembea naye mpaka palepale kwa wauza mboga. Watu walipoanza kukusanyika, akapandisha sauti, na ile sauti ya Pangani ilisikika mbali.

"Huyu mama anaitwa Feza. Nilimchukua hapa mbele yenu. Hakuiba mtoto. Alipewa na mama yake aliyekuwa mgonjwa, akamlea. Mama amepona, yuko Nduta, na mtoto amemrudia. Sisi polisi tulielewa vibaya maneno yake. Aliyekuwa na neno naye, leo aseme mbele yangu."

Wengine walitazama chini, wengine waliondoka polepole. Yule Mrundi muuza mboga aliyepiga yowe alikuwa nyuma ya meza yake. Kusema haki, na yeye hakuwa mtu mbaya; alisikia mtoto wa kwao akiomba maji mgongoni mwa mgeni, akahofia. Alikuwa hajui aweke wapi mikono. Akachukua rundo zima la kisamvu, akamsogezea Feza.

"Chukua, mama. Bure."

"Hapana," Feza akasema. "Nitanunua."

Shomari alinipa ishara kwamba tuondoke, lakini nilibaki kidogo nikimtazama. Mtaniuliza kwa nini nawasimulia hili na si habari za majambazi, na majambazi walikuwepo. Ni kwa sababu hamtakosa wa kuwafundisha kulenga. Feza aliinama akichagua kisamvu, akigeuza mafungu, akimwonyesha muuzaji majani yaliyonyauka, kama mteja mwingine yeyote. Alichukua mafungu mawili, ya watu wawili. Akayashika, akayatazama, akarudisha moja mezani.